Dkt. Avelina Kassian Komba, Mama wa Majani ya Mlonge (1970–2025)

Marehemu Dkt. Avelina Kassian Komba alizaliwa tarehe 3 Mei 1970 katika hospitali ya misheni Peramiho, Songea, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Kassian Komba, fundi seremala, na mama Brigitha Ngonyani. Mama yake husimulia kwamba siku ile mtoto alilia mpaka masista wakaja mbio kuangalia kuna nini. Familia ya mumewe, Wahehe wa Iringa, haina sababu ya kulipinga hilo. Sauti hiyo imeisikia kwa karibu miaka ishirini na saba ya ndoa, na bado masikio yanavuma.

Waombolezaji wetu kutoka Kongo, Kenya na Burundi wasishtuke kusikia marehemu anataniwa mbele ya jeneza. Wangoni na Wahehe walipigana zamani, wakachoshana, wakawa watani. Kwetu, mtani akija msibani akanyamaza, watu wanamtazama vibaya, kama vile amefurahia kifo. Kwa hiyo ukoo umemkabidhi kazi hii shemeji yake, Adam Kihwele, mdogo wa mumewe, dereva bora wa forklifti St Marys nzima, hapa magharibi mwa Sydney, ambaye aliishia darasa la saba kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa cha kumfundisha.

Marehemu yeye aliendelea. Alisoma shule ya msingi Peramiho kuanzia mwaka 1978, kisha sekondari ya wasichana mjini Songea. Alikuwa kidato cha tatu baba yake alipoanza kuumwa sukari. Siku hizo kijijini sukari ilikuwa kitu cha kuweka kwenye chai, hakuna aliyeijua kama ugonjwa. Mzee Kassian alikonda, akawa anakunywa maji mtungi kwa mtungi, halafu akapata kidonda mguuni kisichokauka. Mama Brigitha alichuma majani ya mlonge uliokuwa uani, Avelina akayachemsha asubuhi na jioni wakati wa likizo, mzee akanywa. Kuna wiki alipata nafuu, akarudi hata kwenye randa yake. Kuna wiki hakuinuka. Walipompeleka hospitali mguu ulikuwa umeshaharibika, na akafariki mwezi Septemba 1987.

Ndugu wengine walilia, wakazika, wakarudi mashambani. Avelina alirudi shuleni na swali lililomkaa kooni maisha yake yote: yale majani yalimsaidia baba, au yalimchelewesha kwenda hospitali? Alimuuliza mwalimu wa kemia. Mwalimu akamwambia aache maswali ya kishirikina. Kosa kubwa sana hilo, kumwambia Mngoni aache.

Alipata shahada ya kwanza ya kemia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1995, akapangiwa kufundisha sekondari mjini Iringa. Hapo ndipo Mungu alipomkumbuka, akamwonyesha Wahehe, watu hodari, wazuri wa sura, na wanyenyekevu kuliko makabila yote. Alikutana na Benjamin Kihwele, muuguzi wa hospitali ya mkoa, kwenye harusi ya watu wengine. Benjamin alimwomba wacheze muziki. Avelina akamuuliza wagonjwa wa sukari wodini kwake ni wangapi na wanapewa dawa gani. Wakaongea habari za mkojo mpaka keki ikaisha bila wao kuonja. Benjamin aliporudi nyumbani alisema, "Nimepata mke." Mdogo wake akamjibu, "Umepata intavyuu." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998 Iringa mjini, wakajaliwa watoto wawili: Raheli, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 2000, na Kassian, aliyezaliwa hapa Sydney mwaka 2006.

Mwaka 2004 marehemu alipata ufadhili wa kusomea udaktari wa falsafa katika chuo kikuu cha Kensington, hapa Sydney. Alikuja na begi moja la nguo na furushi la majani makavu ya mlonge. Pale uwanja wa ndege, Avelina mwaminifu akayatangaza mwenyewe bila kuulizwa. Afisa akamwambia majani hayaingii Australia. Avelina akamfundisha. Alimweleza jina la kisayansi la mti, familia yake, na vitamini zilizomo, huku foleni inarefuka nyuma yake na watoto wanalia. Afisa akasikiliza kwa adabu yote, akamshukuru, akayatupa. Baadaye profesa wake akamwonyesha mkulima wa Queensland aliyekuwa na shamba zima la milonge. Akapiga simu Songea: "Mama, nimevuka bahari nikanunue mlonge kwa Mzungu!" Mama Brigitha akamwuliza kama angalau amepunguziwa bei.

Kazi yake wengi hapa mmeisikia lakini wachache wameielewa. Shemeji yake aliielewa siku ya kwanza, ila alimwacha aeleze ili asijisikie vibaya. Sukari ikizidi kwenye damu, alisema, inazaa vitu vinavyoutafuna mwili polepole, mfano wa kutu inavyokula bati. Figo, macho, mishipa ya miguu, vyote vinaliwa. Mwili una vitu vyake vya kuzuia kutu hiyo, lakini kwa mgonjwa wa sukari haviwahi. Majani ya mimea mingi yanavyo pia. Basi yeye aliyasaga majani, akayaloweka kwenye spiriti, akachuja, akaikausha ile spiriti mpaka kikabaki kitu kama lami ya kijani, halafu akakipima. Kipimo cha kwanza kilikuwa maji ya zambarau. Ukidondoshea dawa ya majani na dawa ikawa na nguvu, zambarau inafifia, inakuwa manjano.

Alipomleta shemeji yake maabara mwaka 2011, mara tu alipofika nchini, alimwonyesha hilo kwa fahari.

"Ndiyo hii umeisomea miaka yote?" shemeji akauliza. "Kubadilisha rangi ya maji? Mama Raheli, hata Raheli anaweza, mpe juisi."

"Na wewe shem umesomea nini?"

"Mimi nimesomea maisha."

"Basi urudie darasa, umefeli."

Halafu kulikuwa na panya. Mwanamke huyu, ambaye Songea alifukuza panya kwa ufagio huku akipiga mayowe, Sydney alifuga panya weupe ndani ya chumba chenye kiyoyozi kizuri kuliko cha nyumbani kwake. Aliwasababishia sukari, wengine akawapa majani, wengine maji tu, akalinganisha. Kila asubuhi aliwasalimia. Waliopewa majani, ini na figo zao zililiwa na kutu kidogo kuliko za wenzao. Hilo lilitoka kwenye jarida la kisayansi mwaka 2017, na jina la Komba likiwa mbele. Alifurahi, lakini kila aliyempongeza alimjibu hivyo hivyo: "Panya si mtu."

Kwa bahati mbaya kuna siku moja hakulisema.

Ilikuwa Jumapili ya Oktoba 2018, kwenye chakula cha pamoja cha jumuiya yetu ya Waswahili, ukumbi wa kanisa St Marys. Mshereheshaji alimwomba aeleze utafiti wake. Alileta tufaha, akalikata vipande viwili, kimoja akakipaka limau. Wakati anaongea, kile kisicho na limau kikageuka rangi ya udongo, chenye limau kikabaki cheupe. Watu wakaguna. "Ile ndiyo kutu," akasema, "na majani yanafanya kazi ya limau." Makofi. Alikuwa bado na maneno, tena yale ya maana, ya kwamba mtu asiache dawa zake. Lakini akina mama jikoni walishatoa ishara kwamba pilau linapoa, mshereheshaji akachukua kipaza sauti, akaombea chakula. Sisi sote tunajua, kwenye sherehe zetu hakuna profesa anayeshindana na pilau.

Wiki zilizofuata mlonge ukawa dili. Watu waliagiza unga wake kwa mitandao, wakachemsha, wakapeana chupa kwenye maegesho. Mmoja wao alikuwa Marie-Jeanne Murhula, Mama Vanessa wetu, mzaliwa wa Bukavu, mlezi wa wazee kwenye nyumba moja ya hapa magharibi, ambaye alikuwa anajichoma sindano ya insulini kila siku. Yeye akaiweka sindano kabatini, akanywa majani.

Mwezi Novemba, Vanessa, wakati huo mwanafunzi wa sekondari, alirudi nyumbani akamkuta mama yake sakafuni jikoni, anahema kama mtu aliyekimbizwa, pumzi inanuka matunda yaliyoiva kupita kiasi. Akapiga sifuri tatu, namba ya dharura. Ambulensi ikawahi. Walimrudishia uhai, lakini kwa shida.

Avelina alifika hospitali akiwa bado na koti la maabara. Akakaa pembeni ya kitanda.

"Mama Vanessa, sindano uliiacha lini?"

"Tangu ile siku ya karamu. Weye mwenyewe ulisema majani inatoa kutu. Kama kutu imetoka, sindano ni ya kazi gani tena?"

"Dada, sikusema uache."

"Haukusema nisiache."

Alimshika mkono Marie-Jeanne mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha, na nesi akamwacha akae.

Aliporudi nyumbani alimwambia mumewe, "Baba Raheli, nafunga maabara. Nitafundisha kemia tu. Haya majani yalimchelewesha baba, na sasa nimemchelewesha mtu mwingine kwa mdomo wangu." Shemeji yake alijaribu kumchangamsha, akasema wale panya sasa watapata likizo yao ya kwanza. Hakucheka. Ndipo familia ikajua hali ni mbaya. Akamwandikia mkuu wake kwamba anataka kuacha utafiti ifikapo mwisho wa mwaka, na mkuu akamwomba afikirie mpaka sikukuu zipite.

Aliyemgeuza ni mgonjwa mwenyewe. Marie-Jeanne aliporuhusiwa, Avelina akawa anampitia kumwangalia. Akagundua sindano inatumika siku nesi wa kutembelea wagonjwa akija, asipokuja haitumiki. Mlonge ulikuwa umeshatupwa. Tatizo halikuwa majani tena.

"Ni woga," Marie-Jeanne akamwambia. "Kwetu ukiona mutu anajichoma, unaanza kutafuta sanduku. Kazini wazee wananiona naenda choo na kasindano, najisikia sawa mwizi. Majani, hata mbele ya padri unakunywa. Weye unasema nichome. Unajua nini, weye mwenye afya?"

Avelina akasema kitu ambacho mpaka siku hiyo alikijua Benjamin peke yake. "Dada, mimi najichoma tangu 2015. Kama wewe. Chooni."

Ndiyo, ndugu zangu. Mtafiti wa sukari alikuwa na sukari, na alificha. Aliogopa kuchekwa. Aliogopa watu waseme majani yake hayamsaidii hata yeye. Na kicheko, katika ukoo alioolewa, kilikuwa kitu cha kuogopa kweli.

"Basi siye wote ni wezi," Marie-Jeanne akasema. "Na ukifunga ile maabara, sawa vile nasikia, nani atatwambia ukweli? Watu batakunywa majani tu, Mama Raheli. Banakunywa tangu zamani. Afadhali kuwe na mutu mwenye anayajua."

Kwenye chakula cha Noeli mwaka huo, kabla ya sahani, Avelina aliomba nafasi. Mshereheshaji akasita, kwa sababu safari hii kulikuwa na nyama choma. Akasimama mbele na kamkoba kadogo.

"Mwezi wa kumi niliwaeleza nusu," akasema. "Leo namalizia. Mimi nina sukari." Akatoa sindano, akainua blauzi upande kidogo tu, kwa heshima, akajichoma tumboni mbele ya ukumbi mzima. Kuna mtoto aliyesema "ouch" kwa niaba yetu sote. "Majani nayachunguza. Sindano naitumia. Majani yakiweza kazi hii nitawaambia mimi mwenyewe, na sindano yangu nitaitupa mbele yenu. Leo hayawezi. Atakayewaambia yanaweza, hata kama ni mimi, msimsikilize."

Halafu mzee Kinuthia, yule Mkenya wa sauti ya nne kwenye kwaya, akaingiza mkono ndani ya koti lake zuri la Noeli, akatoa ya kwake. "Haki, mimi hujidunga kwa gari," akasema. "Miaka yote nimeegesha mbali, mnafikiri napenda kutembea?" Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kutoka kona ya nyuma Marie-Jeanne akapaza sauti: "Vanessa, leta yangu. Na weye kaa hapa, uone."

Baada ya sikukuu Avelina alimwandikia tena mkuu wake, kwamba haachi. Akaanza kazi ngumu zaidi, ya kutoka kwa panya kwenda kwa watu. Akaiandaa dawa ya majani kama vidonge, pamoja na vya bandia visivyo na dawa vya kulinganishia, akaweka sharti ambalo hakukubali kulilegeza hata walipomwambia litachelewesha: kila atakayeshiriki aendelee na dawa zake za hospitali, na apimwe mara kwa mara. Korona ikaja, ikafunga maabara. Kamati ya maadili ikarudisha maombi, akaandika upya, ikarudisha tena. Alikuwa anasafiri kwa treni kutoka St Marys, kisha treni ndogo ya Kensington, akisahihisha karatasi njiani, na kijana wake Kassian akimwambia, "Mum, rest." Alimjibu kwa Kingoni ili asielewe.

Marie-Jeanne alikuwa wa kwanza kujitolea, na wa kwanza kukataliwa, kwa sababu wanaotumia insulini hawakuruhusiwa kwenye awamu ya kwanza. Siku hiyo Wahehe walishangaa kusikia mtu anamzidi Mngoni kelele. "Nilikufa juu ya hayo majani, na sasa haunitaki?" Yakaisha akipewa kazi nyingine: kwenye kila mkusanyiko wetu anasimama mlangoni na kipimo cha sukari, anapima watu vidole, anauliza, "Dawa umemeza?" Hakuna aliyewahi kupita bila kujibu. Padri alijaribu. Na Vanessa, yule binti aliyepiga simu, alisoma kemia Kensington, na mwaka 2024 aliajiriwa kama msaidizi wa utafiti kwenye maabara ya Avelina.

Mwezi Aprili mwaka huu marehemu alianza kuishiwa pumzi akipanda ngazi. Madaktari wakakuta moyo umechoka. Sukari ilikuwa imeshaufikia. Alilazwa mara mbili, akarudi nyumbani, na mwishoni mwa Juni akalazwa tena. Alijua anakokwenda. Aliulizia kitu kimoja tu: utafiti utaanza, au utakufa naye?

Tarehe 14 Julai Vanessa aliingia wodini mbio, Benjamin na Raheli wakiwepo.

"Mama, mshiriki wa kwanza amemeza!"

Avelina akajiinua juu ya mto. "Amemeza cha majani au cha bandia?"

"Hatujui, Mama. Wewe ndiye uliyeweka utaratibu kwamba tusijue."

Alicheka mpaka mashine ikapiga kengele na nesi akaja kufoka. Jioni, walipobaki wawili, alimwambia mumewe kwamba lile swali la baba yake amepata jibu lake nusu. "Majani yalimfariji, na labda yalimsaidia kidogo. Kilichomuua ni kwamba hatukuwa na kingine cha kumpa, na hatukujua. Hawa watakuwa na vyote viwili, na watajua."

Dkt. Avelina Komba alifariki dunia kwa utulivu asubuhi ya Jumamosi, tarehe 9 Agosti 2025, akiwa na mumewe na watoto wake wote wawili, na akiwa na umri wa miaka 55.

Ameacha mume, Benjamin Kihwele. Watoto, Raheli na Kassian. Mama yake mzazi, mama Brigitha Ngonyani, anayetufuatilia sasa hivi kwa simu kutoka Peramiho na anayeombwa asikate hata picha ikiganda. Kaka zake Ishmael na Gaudens. Mashemeji wengi, akiwemo mmoja mzuri sana. Wanafunzi wake wa Kensington. Na ndugu yake asiyekuwa wa damu, Marie-Jeanne Murhula, ambaye familia imeamua leo akae kiti cha mbele, upande wa wafiwa. Ameacha pia washiriki wa utafiti wanaoendelea kumeza vidonge vyao kila asubuhi pamoja na dawa zao, wengine hapa hapa katikati yetu. Majibu yatatoka mwakani. Yanaweza kuwa ndiyo, yanaweza kuwa hapana, na yeye alisema hata hapana ataipokea, mradi iwe imepimwa. Vanessa ndiye atakayesimama kuyasoma, na amehakikishiwa kwamba siku hiyo chakula hakitapakuliwa mpaka amalize neno la mwisho.

Mungu amlaze vizuri, maana yeye mwenyewe kulala hakujua.